Kabla hujaondoka na ripoti ya PET, tafuta namba

Kijana mmoja alivuka na feri kutoka Nansio akaja ofisini kwetu na bahasha mbili za baba yake. Ndani mlikuwa na ripoti mbili za PET, yaani picha inayoonyesha dawa yenye mionzi imenasa wapi mwilini, za uvimbe wa neuroendokrini (unaoanzia kwenye seli zinazotoa homoni) wa kongosho, zimepishana mwaka mmoja, kila moja na hospitali yake. Ya kwanza ilisema madoa ya kwenye ini "yanang'aa kiasi". Ya pili ikasema "yanang'aa vizuri". Alitaka kujua jambo moja tu: mzee hali inazidi, au imetulia? Daktari anayemtibu hapa Mwanza hakuweza kumjibu kwa makaratasi yale. "Kiasi" ya huyu na "vizuri" ya yule hazikupimwa kwa mzani mmoja.

Anayenunua viazi kwa gunia anaijua shida hii. Gunia ni gunia, lakini lenye lumbesa si sawa na lililoshonwa mdomoni.

Sisi tunapanga faili za wagonjwa wanaopewa rufaa nje ya Mwanza. Picha hatuzisomi, hiyo ni kazi ya daktari. Ila makaratasi yamepita mengi mikononi mwetu, na tumejifunza kipi kikikosekana mgonjwa hurudishwa nyuma.

PET hii si ile iliyozoeleka kwa saratani nyingi, inayotumia sukari yenye mionzi. Hapa mgonjwa huchomwa dawa kama DOTATATE iliyounganishwa na galiamu-68, nayo hunasa kwenye vipokezi vya homoni ya somatostatini vilivyo juu ya seli za uvimbe. Galiamu-68 hupungua nusu kila dakika 68, kwa hiyo huwezi kuipakia kwenye basi ikakufuata Mwanza. Mgonjwa ndiye anayesafiri, na kinachorudi naye ni ripoti. Ndiyo maana tunaing'ang'ania hivi.

Mizani ipo. Wa Krenning unakwenda 0 hadi 4 na hulinganisha doa na viungo vya mgonjwa mwenyewe: 2 ni karibu sawa na ini au pungufu kidogo, 3 limelipita ini, 4 limelipita hata bandama. Kwa kawaida 3 na 4 ndizo zinazofungua mazungumzo ya tiba ya mionzi ya lutetiamu-177, maana dawa hiyo hupita mlango uleule wa vipokezi. Mwingine, SSTR-RADS, ulitolewa mwaka 2018. Huo hueleza daktari ana uhakika kiasi gani: 1 si uvimbe wa hatari, 5 ni karibu hakika kuwa ni uvimbe wenyewe.

Katikati ipo 3, yenye herufi A hadi D, na hapo ndipo familia nyingi hupotea. Chukua 3D. Doa haling'ai kabisa kwenye PET, lakini CT, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, inaonyesha kinundu cha kutilia shaka. Ndugu wakisikia "haling'ai" wanashukuru Mungu na kurudi nyumbani. Kumbe huenda seli zimepoteza vipokezi na kuwa kali zaidi, au ni saratani ya aina nyingine. Tafadhali, ukiona 3D usiondoke bila kumuuliza daktari kipimo kinachofuata. Kinyume chake pia hutokea: kichwa cha kongosho huweza kung'aa bila ugonjwa wowote.

Kwa hiyo unapokwenda kupima, omba ripoti itaje dawa iliyotumika, namba ya mzani na jina la mzani wenyewe, ukubwa wa madoa kwa milimita, na ulinganisho na kipimo kilichopita. Itajwe pia tarehe ya sindano ya mwisho ya octreotide au lanreotide, dawa zinazonasa kwenye vipokezi vilevile, kama mgonjwa anachomwa. Omba na sidii ya picha palepale. Kuifuata baadaye ni nauli nyingine.

Ukitaka tuipitie ripoti pamoja kabla ya kuonana na daktari, njoo nayo. Kwa hilo hatutozi kitu.

Yule kijana alihangaika mpaka akapata sidii zote mbili, zikasomwa na daktari mmoja kwa mzani mmoja. Madoa ya ini yalikuwa Krenning 3 mwaka ule na 3 mwaka huu, na milimita zilezile. Alipiga simu kwao akiwa bado amesimama mlangoni petu.