Programu ya kuomba chuo imwambie mwanafunzi ukweli

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu vijana wanaobuni programu za simu za kuwasaidia wanafunzi kuomba nafasi vyuoni. Nimefurahi, ila nimebaki na wasiwasi. Makala nzima ilihusu orodha ya vyuo, picha za majengo na jinsi programu itakavyompendekezea kila mmoja kozi inayomfaa. Mimi ni mwalimu mshauri, na kila msimu wa maombi naketi na wanafunzi mpaka jioni, simu zao mkononi. Sijamwona aliyekosa chuo kwa kukosa orodha. Nimewaona waliokosa kwa sababu hakuna kilichowaambia kwamba maombi yao hayajafika.

Mmoja simsahau. Alijaza kila kipengele, akapakia vyeti, akabonyeza kitufe cha mwisho alichokiona. Ikatokea alama ya vema ya kijani na neno "Imehifadhiwa". Akanionyesha kwa furaha, nami nikampa mkono wa pongezi. Kumbe kilichohifadhiwa ni rasimu. Kitufe cha kuwasilisha kilikuwa ukurasa unaofuata, chini kabisa, kwa rangi ya kijivu, na kwenye kioo kidogo cha simu yake hakikuonekana mpaka uvute ukurasa. Aligundua wiki tatu baadaye alipoingia kutazama majibu, tarehe ya mwisho imeshapita. Nilipopiga simu kwa wahusika, nikajibiwa kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha hakuwasilisha. Ni kweli hakuwasilisha. Lakini alama ile ya kijani ilimwambia nini?

Kwa hiyo ombi langu kubwa kwa wabunifu ni hili: kitu cha kwanza mwanafunzi akifungua programu kiwe hali ya maombi yake, kwa maneno ambayo hata mzazi asiyezoea simu atayaelewa. "Maombi yako hayajatumwa. Yamebaki mambo mawili: picha ya cheti na uthibitisho wako." Rangi ya kijani isitumike kabisa kabla maombi hayajapokelewa upande wa pili. Yakipokelewa, itokee namba ya kumbukumbu, tarehe na saa, na mambo hayo hayo yaje pia kwa ujumbe mfupi wa kawaida. Wanafunzi wengi ninaoketi nao hutumia simu ya mama au ya kaka, na jioni simu inarudi kwa mwenyewe. Ujumbe mfupi hauhitaji intaneti wala nenosiri. Na kama ameomba vyuo vitatu, kila chuo kiwe na mstari wake, maana kimoja huweza kuwa kimeshajibu huku kingine kikingoja karatasi.

Jambo la pili ni muda. Mwanafunzi yuko ukurasa wa nne, anaulizwa namba ya cheti, anainuka kukitafuta sandukuni. Akirudi anakuta "Muda wako umekwisha", na kurasa zote nne ni tupu. Naelewa kwamba mfumo hujifunga kwa usalama, hasa simu ikiwa ya watu wengi. Basi ujifunge bila kufuta, akiingia tena aendelee alipoishia. Miongozo ya WCAG ya shirika la W3C, ya kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, tangu toleo la mwaka 2008 inataja njia hii mojawapo: mtumiaji aonywe kabla muda haujaisha, na apewe angalau sekunde 20 za kuongeza muda kwa kitendo chepesi. Miaka yote hiyo bado nafuta machozi ya watoto kwa sababu ya ukurasa wa nne.

Kuhusu vyeti nitasema kwa ufupi. Kamera ya simu hutoa picha nzito, fomu inaikataa kwa kusema faili ni kubwa mno, na mwanafunzi hajui afanye nini. Programu iipunguze yenyewe. Pia iorodheshe tangu mwanzo kila kitakachohitajika, kabla hajaandika hata jina.

Kukusanya vyuo vingi kwenye fomu moja si wazo jipya. Marekani, Common App ilianza mwaka 1975 na vyuo 15, leo vimezidi 1,000. Uingereza, UCAS, chombo kinachopokea maombi ya vyuo vikuu, kimewaondolea waombaji, kuanzia wa masomo ya mwaka 2026, ile insha moja ndefu ya kujieleza na kuweka maswali matatu. Hilo nalipenda sana, kwa kuwa mwanafunzi aliyekuwa akikodolea macho ukurasa mtupu sasa anajua anaulizwa nini. Lakini ufupi peke yake hautoshi. Fomu ya FAFSA ya kuomba msaada wa ada huko Marekani ilifupishwa, ikachelewa kutoka Oktoba hadi mwisho wa Desemba 2023, na ilipofunguliwa, wanafunzi wengi ambao wazazi wao hawana namba ya hifadhi ya jamii walikwama njiani. Fomu ingejaribiwa kwanza na mwanafunzi mwenye hali ngumu.

Tena kazi haiishi siku ya kutuma. Watafiti Benjamin Castleman na Lindsay Page wameonyesha kwamba ujumbe mfupi wa kuwakumbusha waliokwisha kupata nafasi, katika miezi ya kungoja kufungua chuo, unaweza kuongeza idadi ya wanaofika kweli kujiandikisha. Mimi mwenyewe nina wanafunzi walioshika barua ya udahili mkononi, kisha wakapitwa na siku ya kuthibitisha.

Vijana wenu wakitaka watu wa kuwajaribia programu, milango yetu iko wazi msimu ujao. Waketi nyuma ya bega la mwanafunzi mwenye simu ya kuazima na kioo kilichopasuka, wasimwelekeze, watazame tu ni wapi kidole chake kinasita.

Wenu,
Mwalimu mshauri wa wanafunzi