Barua ya wazi kwa Mshauri wa Wanafunzi: tunaomba ufunguo

Mheshimiwa Mshauri wa Wanafunzi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa heshima zote kuomba chumba cha kusomea pamoja, na nakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu nilizoleta ofisini kwako nimejibiwa kila mara kwamba zinafanyiwa kazi. Ya kwanza niliileta mwezi wa kumi na moja.

Jumatatu usiku tulikuwa watatu kwenye kimbweta cha nyuma ya maktaba, tunahangaika na swali la hisabati, la mfuatano wa Cauchy. Ubao hatuna, kwa hiyo tunaandika kwa chaki juu ya saruji ya meza, tunafuta kwa kiganja, tunaandika tena. Wadudu wa ziwani walikuwa wameijia taa na kuangukia maandishi mpaka huwezi kujua herufi ya epsiloni ni ipi na mdudu ni yupi. Saa tatu na nusu mlinzi akatuondoa. Simlaumu, alisema ameagizwa. Tulikuwa tumebakiza mstari mmoja. Kila mtu akaenda kuutafuta chumbani kwake, na mimi sikuupata.

Jumatano asubuhi mmoja wetu alifunga begi akaenda kupanda meli ya Nansio. Amerudi kwao Ukerewe. Hajadisko kwa kufeli, wala hadaiwi ada. Aliniambia, "Dada, nimechoka kuongea na daftari."

Mheshimiwa, mwanafunzi wa sheria akikwama humuuliza yeyote hosteli, hata asiyejua atatoa maoni. Mimi nikikwama kwenye uthibitisho sina wa kumuuliza. Nimepanga Mkolani. Mama jirani anauza dagaa soko la Mwaloni, na saa kumi alfajiri anapotoka hukuta taa yangu inawaka. "Mwanangu, hujalala?" "Nasoma, mama." Kuna siku hayo ndiyo mazungumzo yangu yote. Jumapili mama yangu akipiga simu anauliza masomo yanaendaje, nasema vizuri. Nitamwelezaje kwamba nimekaa siku nne kwenye ukurasa mmoja na nimeanza kuamini sina akili? Kumbe siku nne kwenye ukurasa mmoja ni kawaida katika hisabati! Hilo nimelijua kwenye diskasheni, siku tulipogundua wote watatu tumekwama palepale. Tulicheka, tukaendelea. Chumbani peke yangu nisingelijua, ningeona ni mimi tu.

Katika kikao cha mwaka jana ulituambia kwamba wanahisabati wakubwa walifanya kazi peke yao, ukamtaja Andrew Wiles aliyejifungia miaka 7 akitafuta uthibitisho wa nadharia ya Fermat. Ni kweli alijifungia. Lakini alipoitangaza kazi yake mwaka 1993 lilipatikana kosa ndani yake, na kosa hilo alilirekebisha mwaka 1994 akisaidiana na Richard Taylor, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Na mwanahisabati Paul Erdős aliandika kazi zake na watu zaidi ya 500. Sisi tunatafuta wa tatu tu, na huyo ameshaondoka.

Katika kikao hichohicho, mbele ya wote, ulisema chumba cha zamani cha semina kitafunguliwa kabla ya semista kuanza. Hii ni wiki ya tisa. Nimekwenda kuchungulia dirishani. Ndani kuna viti vilivyovunjika, vimerundikwa mpaka usawa wa dirisha, na nyuma yake ubao wa ukuta mzima. Juu ya ubao kuna mwandiko wa mtu aliyetutangulia: nusu ya uthibitisho kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu, yaani namba nzima juu ya namba nzima. Hakuna aliyeufuta wala kuumalizia. Nilisimama pale muda mrefu.

Sijui kwa nini hakifunguliwi. Nadhani ni gharama ya umeme. Au kwa kuwa idara yetu ni ndogo, kelele zetu hazifiki mbali. Wengine wanasema ufunguo umepotea. Kama ni hivyo, semeni, tutachanga fedha ya kitasa kipya kwenye bumu letu la mkopo. Nilitaka kuomba pia walimu watupe saa maalumu za kuwaona, na mlinzi asitufukuze kwenye vimbweta, na mtu wa kuzungumza naye mwanafunzi anapoanza kulemewa. Hayo nayaacha kwanza. Naomba chumba. Viti tutavitoa wenyewe, chaki tutanunua, taa zikigoma tutawasha tochi za simu.

Tumebaki wawili, Mheshimiwa. Mwenzetu nimemwandikia ujumbe kwamba asiuze vitabu vyake, asubiri wiki moja. Jumatatu saa kumi na mbili jioni tutakuwa mlangoni pa chumba hicho. Tunaomba ufunguo.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa hisabati, mwaka wa tatu
Mwanza