Vibali 100,000: Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mitaala ya Historia

Ndugu Mkurugenzi,

Somo la Palestina lisianzie 1948, Israeli ilipoundwa. Lianzie Agosti 31, 1945, Rais Truman wa Marekani alipomwandikia Waziri Mkuu Attlee wa Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Palestina, akimtaka atoe vibali 100,000 vya kuingia huko kwa Wayahudi waliokwama kambini Ujerumani na Austria. Idadi hiyo ilikuwa kwenye ripoti ya Earl Harrison, aliyetumwa kuzikagua kambi hizo.

Mwanafunzi apewe hesabu kwanza. Waraka wa Uingereza wa 1939 uliruhusu Wayahudi 75,000 kuingia Palestina kwa miaka mitano. Zaidi ya hapo, mpaka Waarabu waridhie. Baada ya vita London ikawa inaruhusu 1,500 kwa mwezi. Gawanya 100,000 kwa 1,500: miezi 66 na ushei. Nani angesubiri kambini muda wote huo? Meli za siri za kwenda Palestina zikajaa, na kuanzia Agosti 1946 waliokamatwa wakapelekwa Cyprus.

Kamati ya pamoja ya Uingereza na Marekani, iliyochunguza suala hili, tunaiombea vipindi viwili vizima. Wajumbe walikuwa 12, sita kila upande, na ripoti yao ya Aprili 1946 ilikuwa na mapendekezo kumi. Truman akaliunga mkono hadharani lile la vibali, mengine akayaweka kando. Mei mosi Attlee akaliambia Bunge kwamba kwanza majeshi haramu ya Palestina yanyang'anywe silaha, na Marekani iseme itabeba mzigo gani. Kamati haikuweka sharti hilo la silaha. Mwenye fedha hakuwa na askari pale. Mwenye askari alikuwa bado anangoja Bunge la Marekani lipitishe mkopo wa dola bilioni 3.75.

Truman naye asipite hivi hivi. Sheria ya Marekani ya kupokea wakimbizi ya Juni 1948, aliyoitia saini huku akiilaumu, ilimtaka mwombaji awe amefika Ujerumani, Austria au Italia kufikia Desemba 22, 1945. Wayahudi waliokimbia Poland baada ya mauaji ya wenzao mjini Kielce, Julai 1946, wakaachwa nje.

Kwa shule za Kenya, itajwe Gilgil, ambako Waingereza waliwazuia wapiganaji wa Irgun na Lehi, makundi ya siri ya Kiyahudi yaliyopigana na Uingereza Palestina.

Zoezi liwe hili: nusu ya darasa ishike barua ya Truman, nusu jibu la Attlee la Septemba 1945. Kinacholiharibu kwa kawaida ni wanafunzi kujibu kwa yale ya 1948. Mwalimu aandike ubaoni: mwisho Mei 1, 1946.

Wako katika kazi,
Walimu wa Historia