Mama zetu wajisaidie wapi barabara ya kaskazini?

Mhariri,

Ile habari yenu ya wauzaji wa kando ya barabara kuu ya Gulu, inayotoka Kampala kwenda kaskazini mwa Uganda, ilitaja kila kinachouzwa pale: mishikaki, gonja (ndizi za kuchoma), mihogo. Mwandishi wenu akaisifu nyama sana. Hakuuliza wasafiri wanaoila wanajisaidia wapi. Nalisoma gazeti hili tangu ujana wangu na sijawahi kuwaandikia, lakini hapo nimeshindwa kunyamaza.

Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500. Mwenye afya atavumilia. Mtoto hawezi, mjamzito hawezi, na mgonjwa wa sukari ndiye hawezi kabisa, kwa sababu sukari ikizidi kwenye damu, figo huitoa pamoja na maji mengi, na haja ndogo haimngoji dereva.

Mama mkwe wangu ni mmoja wa wagonjwa hao. Desemba tulikodi gari hapa Bombo, tukaenda Arua arusini, watoto na wajukuu wote. Tulipoipita Luweero akaomba tusimame. Tukaingia mahali palipoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni pa kupumzikia wasafiri. Kabla mlango wa gari haujafunguka wauzaji walikuwa wameuziba, mishikaki imeingizwa madirishani hadi usoni mwa mtoto, na nyuma yao basi linaingia bila kupunguza mwendo. Nikamuuliza kijana wa pale choo kiko wapi. "Hajati, choo ni cha wateja." Nikanunua soda na gonja za gari zima. Sasa akasema mwenye ufunguo ametoka kidogo. Mama amesimama juani, ameushika mkono wa binti yangu, anatetemeka, na hakuna aliyemletea hata kiti. Ufunguo ulipopatikana tukakuta shimo gizani, sakafu imelowa mkojo, hakuna tone la maji wala pa kujishikilia, na magoti yake hayakunjiki tena. Mwishoni wajukuu walimzungushia leso za kujifunga nyuma ya kichaka, malori yakipita na makondakta wakichungulia. Mwanamke huyu amelea ukoo mzima, wanaume wenye mvi humwamkia kwa kuinama, na nchi yake imemfanya achuchumae kando ya lami mbele ya watu asiowajua! Maji ya kujitwaharisha na kutawadhia tulinunua ya chupa. Mpaka Karuma, kwenye daraja la Mto Nile, hakusema neno, na sisi tukaona aibu kumwangalia.

Na hivyo vichaka vyenyewe mmeviona? Chupa, nepi, kavera (mifuko ya plastiki) kila mahali. Pale Karuma ni balaa jingine. Kulisha nyani kumekatazwa na mabango yapo, lakini watu wanashusha vioo na kuwarushia ndizi na mabaki ya kuku. Nyani amejifunza kukaa katikati ya barabara akingoja chakula, kisha anagongwa, au dereva anamkwepa na kuingia upande wa wengine. Mwanangu aliwakemea watu wa gari la mbele yetu, wakamcheka. Takataka zingekuwa na mahali pa kutupwa kabla ya kufika msituni, nusu ya uchafu huo usingefika kwa nyani.

Nisiambiwe kwamba serikali haiwezi. Daraja la Karuma lilifungwa mwaka 2024, likatengenezwa, na magari yakapangiwa njia za kuzunguka. Kwenye barabara ya kasi ya Entebbe gari dogo linalipa shilingi 5,000 tangu 2022, na watu wanalipa. Sisi wa barabara ya kaskazini tunalipa kodi katika kila lita ya petroli. Nitatoa shilingi elfu moja, hata mbili, kwa choo kisafi, na sitanung'unika.

Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ijenge vyoo Luweero, Migyera, Kafu, Karuma na Pakwach. Kila mahali milango sita: minne ya wanawake, miwili ya wanaume, na mmoja kila upande uwe na kiti cha kukalia, chuma cha kushikilia ukutani na upana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Tangi la maji liwe juu, bomba liwe nje, na pembeni patandikwe mkeka wa kuswalia. Mlango usiwe na kufuli kwa nje. Wauzaji wasifukuzwe, wana watoto wa kulisha, ila wapewe meza mbali na lami ili anayetaka kununua awafuate. Na halmashauri inayotoa leseni ya kuuza chakula cha wasafiri ikague choo kwanza, jiko baadaye.

Mhariri, mrudisheni mwandishi wenu kwenye barabara hiyo. Aorodheshe vyoo vilivyo wazi kutoka Luweero hadi Pakwach, kimoja kimoja na mahali kilipo, nanyi mchapishe orodha hiyo kabla ya Idi, maana tutasafiri tena na mama.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Bombo