Ikupasui si kijiti cha masharubu

Mhariri,

Nasoma gazeti lako mwaka wa 19 huu na sijawahi kukuandikia hata mstari. Makala yenu ya Jumapili kuhusu Waainu, wenyeji wa asili wa kisiwa cha Hokkaido huko kaskazini mwa Japani, imenishinda. Eti ikupasui, vijiti vyao vya dua, ni "vijiti vya kuinulia masharubu", na inau ni "mapambo ya maranda"!

Ni kweli, mzee akinywa huzuia masharubu yasiloe kwa kijiti hicho, na wageni wa zamani wakaona masharubu tu. Mimi nilisoma Sapporo, nikafika kijiji cha Nibutani, nikaketi kando ya moto wa nyumba. Mzee alichovya ncha ya ikupasui kwenye bakuli la sake, pombe ya mchele, akaudondoshea moto tone moja, maana humo yumo Ape Huchi, bibi wa moto. Tone jingine likaenda kwenye inau, ufito wa mwerebi ulionyolewa kwa kisu hadi maranda yakajikunja kama nywele, yote yangali yameshikana na mti. Binadamu akijikwaa kwenye dua, ikupasui ndiyo inayoyanyoosha maneno yake kabla hayajafika kwa kamui, yaani miungu. Sasa wewe niambie masharubu yanaingilia wapi hapo.

Ninayo moja kabatini, niliuziwa na mchongaji wa hukohuko. Haijawahi kuombewa, lakini sikuinunua iwe kichekesho. Jumapili hiyohiyo shemeji yangu, gazeti lenu mkononi, aliitoa kabatini akaipitisha chini ya pua yake mbele ya wageni. Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Mke wangu naye alicheka! Nikanyamaza, nikaifuta kwa kitambaa, nikaifungia chumbani.

Wala msiseme Japani ni mbali. Vigango vya Wagiriama hapa Pwani, nguzo za mbao zinazosimikwa kwa ajili ya marehemu wazee wa chama cha Gohu na hazipaswi kung'olewa, mnaviita "sanamu". Viliibwa, vikauzwa hadi Marekani. Vile 30 vya jumba la makumbusho la Denver viliporudishwa mwaka 2019, ninyi mliandika aya mbili, chini ya tangazo la magodoro.

Pendekezo langu: mpeni mwandishi wenu kisu kikali na ufito wa mwarobaini. Anyoe maranda 20 yajikunje, lisibanduke hata moja. Akimaliza ndipo aandike tena. Plasta za vidole nitanunua mimi.

Msomaji wenu,
Kilifi