Malalamiko Kuhusu Waya Mliopitisha Kwenye Dari ya Chumba cha MRI

Kwa Meneja wa Huduma za Ufundi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumanne iliyopita mama mmoja alilala ndani ya MRI yetu, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio, zaidi ya saa nzima, kwa kipimo cha kichwa ambacho huchukua nusu saa. Tulirudia mara tatu. Kila picha ilikatwa na mstari wa vidoti vyeupe mithili ya zipu, tena palepale daktari alipotaka kuona. Alishuka kitandani akilia kwa maumivu ya mgongo, nami sikuwa na la kumwambia ila pole.

Fundi wenu alizitazama picha akasema mashine yetu imechoka. Si kweli. Kwa wiki mbili tumeandika kila tukio: taa nyekundu ya LINAC, mashine ya tiba ya mionzi mliyoifunga chumba cha jirani, ikiwaka, mistari inatokea; ikizimika, inatoweka. Jumapili, LINAC ikipumzika, picha ni safi kutwa nzima.

MRI kama yetu, yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5, husikiliza mawimbi ya redio dhaifu mno kutoka mwilini, kwenye masafa ya megahezi 64 hivi. Ndiyo maana chumba chake kimezungushiwa shaba. LINAC hufyatua umeme wa volti maelfu kwa maelfu, mara mamia kwa sekunde, na kila mpigo humwaga mawimbi ya redio ya masafa mengi. Shaba ingeyazuia. Lakini mafundi wenu, walipofunga taa ya tahadhari ya korido, waliitoboa juu ya dari na kupitisha waya bila kichujio cha kuzuia mawimbi hayo. Waya huo sasa ni antena: unayanasa mawimbi nje na kutuletea ndani. Nimepanda ngazi nikaliona tundu. Kidole gumba kinapita.

Tena msituambie mashine hizi haziwezi kukaa jirani. Huko Utrecht, Uholanzi, zimeunganishwa kuwa mashine moja, na mgonjwa wa kwanza alitibiwa nayo 2017. Waliyazuia mawimbi ya LINAC yasiifikie MRI.

Kwa sasa vipimo vya kichwa tunavifanya jioni, tiba ya mionzi ikiisha. Wanaotoka mbali wanakosa basi, wanalala kwenye mabenchi yetu.

Uondoeni waya huo, mzibe tundu kwa shaba, kisha tupime pamoja LINAC ikiwa inafanya kazi. Kazi hiyo iishe kabla ya Alhamisi ijayo. Mama yule anarudi siku hiyo, saa 2 asubuhi.

Mkuu wa Kitengo cha Radiolojia