Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: kiti kilikuwepo, muhuri haukuwepo

Mheshimiwa,

Shikamoo. Adabu haijatuishia, kwa hiyo naanza na salamu. Jina lako sitalitaja, wala la ofisi yako. Wewe unajijua, na watu wote waliokuwa pale mwaloni siku ulipopanda juu ya gari na kipaza sauti wanakujua pia. Ulituahidi kwamba hakuna mgonjwa wa visiwani atakayekosa matibabu kwa sababu ya usafiri, maadamu wewe upo. Tulipiga makofi. Kina mama walipiga vigelegele mpaka ukashindwa kuendelea.

Basi Jumamosi iliyopita wewe ulikuwepo, usafiri ulikuwepo, kiti cha bure kwenye ndege ya wafadhili kwenda Dar es Salaam, na mgonjwa amebaki kwa kukosa barua yenye muhuri wa ofisi yako.

Mgonjwa mwenyewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa pili. Ana miaka saba na moyo wake una kasoro ya kuzaliwa nayo, ile ambayo mtaani tunaiita tundu kwenye moyo. Ukimwona amekaa hutajua. Mwache acheze. Atakimbia hatua chache, halafu katikati ya mchezo atachuchumaa, magoti kifuani, midomo imekuwa ya zambarau, na wenzake wamezoea, wanamzunguka tu na mpira wao. Zamani tulidhani ni uvivu. Daktari mmoja hapa Mwanza ndiye aliyetueleza: akichuchumaa, mishipa ya miguu inabanwa na damu nyingi zaidi inasukumwa kwenda kwenye mapafu kuchukua hewa. Yaani mtoto amejitibu mwenyewe kabla yetu sisi watu wazima hatujajua anaumwa nini.

Operesheni anayoihitaji anafanyiwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Sisemi kwamba Mwanza hakuna hospitali. Bugando ipo, imetuzalia na kututibia watu tangu miaka ya 1970, na kanda nzima inaitegemea. Ila kesi ya mtoto huyu imepelekwa Dar, na waliopeleka ni madaktari, si mimi.

Sasa njia. Kwa ninyi mnaoruka asubuhi kwenda kikaoni na kurudi jioni, Dar ni saa moja na nusu angani. Kwetu sisi wa Ukara, kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, safari inaanza na kivuko mpaka Bugolora, gari mpaka Nansio, meli mpaka Mwanza mwendo wa saa tatu hivi ziwa likiwa limetulia, kisha basi: Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, kilomita zaidi ya 1,100. Mwaka jana tulimpeleka hivyo kwenda kupimwa. Pale stendi ya Nyegezi kondakta aliuona mtungi wa oksijeni akasema gesi haipandi gari la abiria. Tulimbembeleza, akatuonyesha abiria wengine waliokuwa wanatusikiliza, akauliza nani kati yao anataka kukaa karibu na mtungi. Hakuna aliyejibu. Tukaenda bila mtungi. Kila gari liliposimama watu wachimbe dawa, dada yangu alikuwa anaweka kiganja puani kwa mtoto kuhakikisha anapumua. Tulipofika, daktari alituandikia kwa kalamu nyekundu kwamba huyu mtoto asipande basi tena.

Kwa safari ile niliuza injini ya mtumbwi. Wewe ni mtu wa kanda hii, huhitaji kuelezwa mvuvi wa dagaa bila injini ni nani. Giza likiingia wenzangu wanawasha taa wanaenda, mimi nabaki ufukweni kuwasaidia wake zao kuanika, nalipwa kwa ndoo. Mvua ikinyesha dagaa wanaoza, na mimi ndoo sipati. Hayo ni yangu, najua hayakuhusu. Nimeyasema kwa sababu karani wako aliniuliza, mbele ya watu, kwa nini familia isijichange ikakata tiketi za ndege. Tiketi ya mtoto, ya mama yake, na ruhusa ya oksijeni ndani ya ndege. Naomba mwambie tulishajichanga. Tulichojichanga kiliishia Nyegezi.

Ndipo wakatokea hawa wafadhili wa ndege za hisani. Nieleze kidogo, maana ofisini kwako niliona kama watu hawaelewi wanafanya nini, na mmoja alisema kwa sauti kwamba wanatafuta kujionyesha. Ndege ya hisani si ambulansi ya angani. Ambulansi ya angani ina kitanda, daktari na mashine, na bei yake sitaki hata kuisikia. Ndege ya hisani inabeba mgonjwa anayeweza kukaa kwenye kiti na kufunga mkanda, ambaye ugonjwa wake unamruhusu kuruka ila mfuko wake haumruhusu. Rubani anatoa siku yake ya mapumziko, mwenye ndege anatoa ndege, mwingine anatoa mafuta. Marekani marubani wa kujitolea wanafanya hivyo kwa miongo sasa. Australia walianza huduma ya daktari arukaye mwaka 1928. Wala tusijifanye ni mambo ya Wazungu wa mbali: Madaktari Warukao wa AMREF walizaliwa mwaka 1957 kutokana na mazungumzo ya madaktari watatu wa upasuaji chini ya mlima wetu wenyewe, Kilimanjaro, na kule Arusha kuna ndege ndogo zinazotua kwenye nyika za Wamasai kwa ajili ya kliniki tangu miaka ya 1980. Hata ziwani humu ndege ndogo tunaziona, zinapeleka watalii Rubondo kuangalia sokwe. Hatuwaonei wivu, na sokwe nao wana haki ya kutembelewa.

Wafadhili walitaka karatasi tatu. Ya kwanza ya daktari, kwamba mtoto anaweza kuruka na anahitaji oksijeni kiasi gani, kwa sababu juu hewa ni nyepesi na moyo kama wake unalisikia hilo haraka kuliko wetu. Tuliipata. Ya pili ya hospitali inayompokea, kwamba kitanda kipo. Tuliipata, ilitumwa kwa simu. Ya tatu ni ya kwako: kwamba familia haina uwezo na ofisi yako inaridhia safari. Aya moja, saini na muhuri.

Tuliambiwa mzee yuko kikaoni. Baadaye mzee ametoka kikaoni ila yuko kwenye ugeni. Kisha anayekaimu amesema yeye anakaimu lakini muhuri umefungiwa kabatini na ufunguo anao mwingine. Ijumaa jioni mlinzi alitutoa kwa upole, tena alituomba radhi, nadhani ndiye mtu pekee katika jengo lile aliyeomba radhi.

Jumamosi asubuhi rubani alisubiri. Alitusubiri kuliko ilivyompasa, maana mchana mawingu ya mvua hujijenga huko bara na ndege ndogo haipendi kuyapita. Mwishowe aliondoka na mgonjwa mwingine aliyetoka Geita, ambaye karatasi zake zilikuwa kamili. Niliona kupitia mlango kabla haujafungwa: kiti cha mpwa wangu kilikuwa kimefungwa mkanda juu ya hewa, na kimtungi kidogo cha oksijeni kimewekwa pembeni yake tayari. Mtoto aliuliza kama rubani amekasirika.

Kwa nini karatasi haikutoka? Mimi sikai ofisini kwako, nabaki kubahatisha na kusikia ya watu. Wapo wanaosema mnaona aibu, kwamba mgonjwa akibebwa na wafadhili itaonekana kanda haijitoshelezi. Wapo wanaosema safari isiyo na posho haina mwenyewe. Mimi nadhani ni jambo dogo kuliko hayo yote: hakuna aliyepewa kazi ya kusaini, kwa hiyo kila mmoja anaogopa kusaini. Kama nimekosea nisahihishe, hadharani kama ulivyoahidi hadharani.

Usiniambie haiwezekani kufanywa haraka. Mama mjamzito au mtoto mchanga akizidiwa huku kwetu, tunapiga 115, m-mama. Anayepokea simu anaamua pale pale, na kama ambulansi haipo dereva wa kawaida wa kijijini anabeba mgonjwa na kulipwa kwa simu. Serikali hii hii. Hakuna anayetafuta ufunguo wa kabati. Sasa mtoto akishatoka uchanga na moyo wake mbovu, ndiyo basi? Angesubiri kuumwa akiwa na wiki tatu?

Na kuna jambo sikutaka kulisema lakini nitalisema. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipoingia ziwani pale Bukoba, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi. Mitumbwi, makasia, mikono. Watu 19 walikufa siku ile na 24 wakatoka hai. Wale wavuvi hawakuuliza nani kaidhinisha. Mlitusifu sana sisi watu wa ziwa, magazetini na majukwaani, na sifa tulizipokea. Leo mmoja wetu anaomba kiti kwenye ndege ambayo hata si yenu, mafuta si yenu, rubani si wenu. Yenu ni wino tu.

Sikatai mazuri. Baada ya MV Nyerere kutuzamia Septemba 20, 2018, tulizika watu wetu zaidi ya 200, na kivuko kipya Ukara tulikipata. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025 na ni zuri, nimelivuka kwa miguu makusudi. Lakini mtoto huyu hawezi kuvuka daraja kwenda Dar, na sherehe za uzinduzi haziingii kwenye karatasi ya tatu.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na madai mengi. Nilitaka dawati la safari za wagonjwa hapa Mwanza, nilitaka Mganga Mkuu wa Wilaya apewe mamlaka ya kusaini barua hizi kule kule Nansio ili mtu wa kisiwani asivuke maji kufuata muhuri, nilitaka uwepo mtu wa zamu mwisho wa wiki, maana marubani hawa wanajitolea mwisho wa wiki. Bado nayataka, hasa hilo la Nansio. Ila yatachukua muda, nami nakujua, utaunda kamati.

Kwa hiyo naomba moja. Hospitali imempa mtoto tarehe mpya. Wafadhili wamekubali kurudi, nao wamesema karatasi ikiwafikia Alhamisi kabla ya saa sita mchana, kiti ni chake. Isipowafikia watakipa mtu mwingine, na sitawalaumu, wagonjwa wako wengi. Barua imeshaandikwa, karani wako aliichapa mwenyewe, ipo mapokezi kwenye bahasha ya kaki yenye jina la dada yangu. Unachotakiwa ni kusaini. Kama utakuwa safarini, muachie mtu ufunguo wa kabati. Kama ufunguo umepotea, niambie, nina rafiki fundi wa makufuli pale Kirumba, atakuja bure.

Saini hiyo barua, Mheshimiwa. Ukishasaini nipigiwe, nitaifuata mwenyewe saa yoyote, hata usiku.

Ni mimi,
Mjomba wa mtoto, mvuvi wa dagaa,
Ukara, Ukerewe (kwa sasa nimelala kwa jamaa, Kirumba, Mwanza)